Siku Umeme Haukukatika

Mtambo wa kijiji chetu, huku milimani Mamba, unafua umeme kwa maji ya mto, na fundi wake ni mimi. Bado ni mimi, maana hajapatikana mwingine.

Zamani mti ukivunja waya na waya ukagusa ardhi, umeme ulikimbilia ardhini kwa kishindo, swichi kuu ikajikata, kijiji kizima kikazimika. Watu walizoea hivyo. Waya ukilala njiani, aliye karibu aliuokota kwa mkono na kuutupa pembeni, kisha ndipo akanipigia simu. Hakuna aliyeona ni ushujaa. Ilikuwa msaragambo, kazi ya kujitolea kwa kijiji, ila wa mtu mmoja, kama kuondoa jiwe barabarani.

Ila vishindo vile vilikuwa vinaiua jenereta. Iliungua mara mbili, na mara ya pili tulikaa gizani masika yote, mashine ya kusaga tangawizi imelala. Nikafunga rezista, kifaa cha kubana umeme, kwenye waya wa ethi unaoiunga jenereta na ardhi, ili hitilafu ikitokea, umeme unaokwenda ardhini uwe mdogo. Kwenye mkutano wa kijiji nilieleza kwa maringo kwamba sasa mashine haitaungua tena. Walinipigia makofi, na kaka yangu mkubwa alipiga kuliko wote.

Kuna jambo nililiruka. Umeme huo ukiwa mdogo, swichi kuu haiushtukii. Waya unaweza kulala chini ukiwa na moto, na taa zikaendelea kuwaka. Dawa yake ni kifaa cha kuhisi umeme mdogo unaovuja, ili kiikate swichi. Nilijiambia nitakifunga baadaye.

Asubuhi moja upepo ulivunja tawi. Kaka alikuwa anapalilia tangawizi, akauona waya umekatiza njia ya watoto wa shule. Kule shambani hapakuwa na taa ya kumwonyesha kwamba umeme upo. Aliinama kuuokota kama siku zote. Mimi nilikuwa mtamboni natazama mishale ya mita, imetulia, na nilijisifu moyoni.

Msibani mzee mmoja alinipa pole, akaongeza kwamba afadhali mashine imepona. Nilitamani kumrukia. Hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Kile kifaa nilikifunga wiki ileile ya mazishi. Matanga yalipoisha nilikwenda jikoni kwa mke wa kaka, nikamweleza kila kitu. Alisikiliza huku akimenya ndizi.

"Shemeji," akauliza, "siku ile ya mkutano ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha.

"Basi watoto wakikuuliza, usiwaambie hivyo," akasema. "Waambie hukujua. Baba mdogo wanaye mmoja tu."