Bunduki Yenye Pindo

Nyumbani kwetu hapa Ibra, Omani, mtoto hakununuliwa kitu kinachomtosha. Viatu vya Idi vilijazwa pamba puani, kanzu ikaburura mavumbi, begi la skuli likampiga mapajani, na kila mtu akaridhika, maana "atakua." Mimi ni mshoni, sina haki ya kulitukana neno hilo, kwani limenilisha miaka mingi. Nilishona magauni na sirwali za kutarizi, nikaziuza katika soko la wanawake la kila Jumatano, soko ambalo mwanamume haruhusiwi kutia mguu, na kila gauni la mtoto lililotoka mkononi mwangu lilikuwa na pindo nene kwa ndani, la kufunguliwa kidogo kidogo kila mwaka. Lakini gauni langu lilimkaa mtoto siku ile ile alipolivaa. Tofauti hiyo wanaume wa nyumba yangu hawakuiona mpaka nilipochukua msumeno.

Watu wa mkoa wetu wa Sharqiyah wanapenda shabaha kuliko wanavyopenda kula, na kula wanapenda sana. Siku ya tatu ya Idi, nyama ya shuwa ikishafukuliwa shimoni na kuliwa, wanaume wa mtaa wetu walitoka kwenda bondeni, wakapanga makopo meupe juu ya mawe ng'ambo ya pili, wakapiga kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Sisi wanawake tulitazama kutoka kwenye magari. Walipiga kwa saktoni, ndivyo huku inavyoitwa ile bunduki ya risasi ndogo, ambayo pini yake huligonga ganda la risasi ukingoni badala ya katikati. Haina kishindo kikubwa wala haiumizi bega, na kwa hiyo ndiyo wanayofundishiwa watoto. Mtoto hupewa ya kwake anapofika kimo cha bega la babu yake. Wakisema mtoto, wanakusudia mvulana.

Mimi nina binti mmoja tu. Mume wangu macho yake ni ya miwani minene, hata ngamia barabarani humwona baada yangu. Baba mkwe wangu ndiye aliyekuwa mpigaji wa nyumba yetu, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Na zamu ile hatukuipata bure. Tuliporudi kutoka Afrika, mimi kutoka Tabora na wao kutoka Unguja, wenyeji walituita sote Wazinjibari, hata mimi ambaye Zanzibar niliiona kwenye picha tu. Idi za mwanzo walitukaribisha kahawa, hawakutukaribisha mstarini. Mzee alisimama mstarini kwa nguvu, akaangusha makopo yao moja baada ya jingine mpaka wakachoka kumkatalia. Sasa nyumba isiyokuwa na mpigaji ingerukwa, na iliyorukwa mara moja haikurudishiwa nafasi.

Kwa hiyo mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, binti yangu alipofika begani kwa babu yake, mzee alimtazama juu na chini akasema, "Huyu atapewa yake. Nyumba hii haikosi mtu bondeni nikiwa hai." Nilimpenda sana siku ile. Lazima niliseme hilo kabla sijasema mengine.

Yeye na mwanawe wakaenda mji wa Nizwa kuchagua. Mtoto mwenyewe hawakumchukua, wala mimi. Walirudi jioni na saktoni ndefu, nzito, ya mti mweusi unaong'aa, bunduki ya kumfaa askari mwenye ndevu. Binti aliiinua, mtutu ukainama wenyewe kuelekea chini.

"Kubwa," nikasema.

"Atakua," akasema mume wangu.

"Atakua," akasema baba yake.

Alijifunzia kwenye kilima nyuma ya shamba la mitende, baba yake akimsimamia. Nilimwona namna alivyosimama. Kitako kilimkaa kwapani badala ya begani, shingo ameinyoosha mbele kutafuta pa kuweka jicho, mgongo ameupinda nyuma ili aweze kubeba ule uzito. Akaja kwangu jikoni na Kiswahili chake cha kizazi hiki, kinachonichekesha hata nikiwa na hasira.

"Mama, hii bunduki refu, wallah. Mkono yangu hafiki. Mimi nasema baba, yeye nasema nitakua."

"Na wewe unajionaje?"

"Mimi najiona nakosa tu."

Niliwaambia. Mume wangu akanijibu kwa upole wake unaokera kuliko matusi kwamba mambo ya silaha niwaachie wenyewe.

Idi ikaja. Binti yangu alisimama mstarini, wa kwanza wa kike kusimama pale, na wanaume wakampisha kwa adabu. Alikosa. Akakosa tena. Kila risasi ilitifua vumbi mahali pengine, na kopo likabaki linatutazama. Nilisikia anavyoambiwa na babu yake atulie, naye akajibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika, kwamba bunduki haimkai. Watu wakacheka. Jirani yetu mmoja, mwenye duka la vipuri vya magari na sauti ya mnadi wa mbuzi, akasema, "Mpeni bunduki ya upepo! Au mpeni sindano, akashone na mama yake." Wakacheka zaidi. Msimamizi wa mstari, mtu wa heshima zake, alimwambia baba mkwe wangu pembeni kwamba Idi ijayo tukija hivi hivi, zamu itakwenda kwa nyumba nyingine.

Sindano! Sindano hiyo ndiyo iliyowavisha binti zake yule muuza vipuri siku hiyo hiyo, na gauni la mdogo wao lilikuwa limelala mwilini bila kasoro. Niliiva kwa hasira. Binti yangu alikaa kiti cha nyuma garini, hakulia, akasema neno moja tu, "Khalas." Hatashika tena bunduki. Na mume wangu, miwani yake imejaa vumbi, akasema labda ni kweli, labda mtoto wa kike hana jicho.

Nilipofika nyumbani nilitoa utepe wangu wa kupimia. Nikampima binti kutoka kwenye kiwiko kilichokunjwa mpaka ncha ya kidole cha shahada, kisha nikapima bunduki kutoka mwisho wa kitako mpaka kwenye triga. Ilimzidi karibu upana wa vidole vinne. Nikawaita baba na mwana, nikawawekea utepe mbele yao juu ya meza.

"Mtoto ana jicho," nikasema. "Nyinyi mmempa gauni la bibi harusi akimbie nalo mbio."

"Wewe unajua nini kuhusu bunduki?" akauliza mume wangu.

"Bunduki sijui. Mkono naujua."

Safari hii tulikwenda Nizwa sote wanne, Ijumaa asubuhi, mnada wa mbuzi umepamba moto na wanaume wamesimama makundi makundi wakinusa mitutu ya zamani. Duka tulilokwenda lilikuwa na mwenyewe kijana, mwenye adabu, ila kila nilipouliza mimi alimjibu mume wangu. Nikauliza zaidi. Kwanza alitoa nyingine ndefu. Nikamkunja binti kiwiko, nikaweka kitako kwenye kunjo la mkono wake, kidole kikabaki mbali na triga. Nikairudisha. Akatoa nyingine. Nikairudisha.

"Mama," akasema, safari hii kwangu mimi, "hii si nguo."

"Ndiyo maana naikagua hivi. Nguo mbaya haimfanyi mtu achekwe na mtaa mzima."

Basi akatoa bunduki ya watoto, fupi, kitako cha plastiki, nyepesi kama ufagio. Ilimkaa vizuri sana. Mume wangu akashusha pumzi, akidhani tumemaliza. Lakini mtoto wangu alikuwa katika umri wa kurefuka kila mwezi, mikono ikitangulia mwili, na plastiki ile mwakani ingekuwa ya kutupwa. Huwezi kufungua pindo lisilokuwepo. Nikasema hapana, nikaona muuzaji anamwomba Mungu subira.

Niliiona mwenyewe, imesimama kwenye kona nyuma ya zile ndefu. Mtutu mfupi, mwembamba. Ya kutia risasi moja moja kwa mkono, jambo nililolipenda, maana mtoto hujifunza kufikiri kila anapopiga. Kitako cha mti mtupu, kirefu, kilichonyooka, bila nakshi. Binti akaiinua, na mtutu ukabaki pale alipouweka. Nikapima kwenye kiwiko. Ilimzidi.

"Inamzidi!" akasema mume wangu, na alifurahi kulisema.

"Inamzidi kwenye ubao. Uzito unamfaa, mtutu unamfaa. Ubao nitaukata."

Muuzaji aliinua kichwa. Hata wateja wawili waliokuwa mlangoni waligeuka. Baba mkwe wangu alishika bakora yake kwa mikono miwili akasema, "Bunduki haikatwi, mwanangu. Bunduki hukatwa na jambazi."

"Jambazi hukata mtutu, Baba. Mimi nakata kitako."

Ile ndefu ya kwanza, tuliyotoka nayo nyumbani, tukaiacha kwa yule kijana na hiyo tukaichukua, kibali kikiwa kwa jina la mume wangu kama kawaida, na tukarudi kwa njia ya Mudhaibi, wanaume wote wawili wamenuna. Binti tu ndiye aliyekuwa akitabasamu dirishani, akidhani simwoni.

Nilikata asubuhi iliyofuata, juu ya meza yangu ya cherehani. Nilifungua skrubu, nikatoa chuma chote nikakiweka kando, nikachora mstari wa chaki ile ile ninayochoria vitambaa, nikashika msumeno. Mume wangu alitoka nje, hakuweza kutazama. Mzee alibaki mlangoni. Sauti ya msumeno ilimuumiza, niliona usoni mwake, na ningesema uongo nikisema sikumwonea huruma. Lakini sikusimama. Kipande nilichokitoa nikakigawa katika vipande vyembamba, nikavipiga msasa, nikavitoboa, nikatafuta skrubu ndefu za kuvishikisha. Kisha nikampa mzee kiganjani.

"Hili ndilo pindo lake, Baba. Mkono ukirefuka, tunarudisha kimoja. Ukirefuka tena, kingine. Mpaka bunduki irudi nzima."

Alivigeuza kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akavipanga, akavipangua.

"Na skrubu zitafika mpaka cha mwisho?" akauliza.

"Zitafika."

"Basi visipotee," akasema, akavitia mfukoni mwa kanzu yake. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekwenda na binti kilimani, na mume wangu akabebeshwa makopo.

Kabla ya Idi kuja kipande cha kwanza kilikuwa kimesharudi mahali pake. Tulipofika bondeni wanaume waliizunguka bunduki ile, wakaona ule mstari wa kiungo kwenye mti, wakaminya midomo. Muuza vipuri akauliza kama imegongwa na gari. Msimamizi aliita nyumba yetu, na binti yangu akatoka, akasimama wima, kitako begani, shavu juu ya mti. Risasi ya kwanza kopo likaruka. Ya pili kopo likaruka. Baba mkwe wangu alipiga bakora chini akasema mashallah kwa sauti ya ujana.

Na hapo ndipo nikasikia kitu ambacho mpaka leo kinanipandisha damu. "Bunduki nyepesi hiyo," muuza vipuri akatangaza. "Inapiga yenyewe. Hata mtoto mchanga angepata." Na wengine wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, ni bunduki. Yaani mwaka uliopita alipokosa, kosa lilikuwa la binti, bunduki haina neno. Sasa amepata, sifa ni za bunduki, binti hayupo!

Nilishuka garini. Mume wangu alinishika ukingo wa shela, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Rudi, bibi we, watu wanatazama."

"Wana macho, waache watazame."

Nilipita mbele ya wanaume wote wale, nikamwomba binti yangu bunduki. Alifungua kwanza akahakikisha haina kitu ndani, ndivyo alivyofundishwa, akanipa. Nami nikampelekea muuza vipuri, mtutu ukitazama makopo. "Hii hapa. Inapiga yenyewe. Wewe ishike tu."

Hakuwa na pa kukimbilia. Alitia risasi, akaiweka begani. Jitu lile refu lilijikunja, viwiko vimetoka nje, kidole gumba kimegusana na pua. Alipiga, vumbi likaruka mbali na kopo. Akatia nyingine, akajikunja upya, akapiga. Kopo halikutikisika. Akaiteremsha, uso umemwiva, akasema kwa ile sauti yake ambayo bonde zima huisikia, "Haiwezekani kupiga nayo! Fupi! Hainikai!"

"Naam," nikasema. "Mwanangu alisema neno hilo hilo hapa hapa, mkacheka, ukataka apelekwe kwenye sindano. Wewe tukupeleke wapi?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake kwenye magari, kikaja mpaka mstarini, na msimamizi mwenyewe akaficha mdomo kwa kilemba. Nilikuwa na mengi zaidi ya kusema. Niliyakusanya mwaka mzima, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini binti yangu alikwishachukua bunduki yake kutoka mikononi mwa yule bwana, ameifungua, ameitazama ndani, na ameshika risasi kati ya vidole.

"Mama," akasema, bila kunitazama, macho ng'ambo kwenye makopo, "toka mbele. Mimi bado najamaliza."

Nikatoka mbele.