Kufuli Aenda Kukikagua Chuo

Mchonga funguo mmoja, mtaa mzima ulimwita Kufuli, hakuwa mtu wa kuaminiamini. Ukimsalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, anashika mfuko. Na sasa, jamani, binti yake kwa miezi minane alikuwa akijifunza mtandaoni kutengeneza programu za kompyuta, bure bilashi!

"Bure, halafu wao wanapata nini?"

"Baba, watu wanaweka masomo, anayetaka anasoma."

"Mh! Watu gani hao wasio na shida?"

Roho haikumtulia. Akaamua binti aende chuo cha kulipia, chenye bango na cheti. Ada ataipata wapi? Atauza mashine yake ya kuchongea funguo, ileile inayowalisha. Mnunuzi akaambiwa aje saa kumi. Binti alilia, lakini wapi!

Ila Kufuli alikuwa na mtindo wake: hamchukui fundi kabla yeye mwenyewe hajaharibu kitasa makusudi na kumwambia akitengeneze. Basi asubuhi wakaenda chuoni. Mwalimu, tai shingoni, akawaonyesha programu ya kukokotoa mishahara, aliyoiandika, kwa maneno yake, peke yake. Ikafanya kazi vizuri kabisa. Mwalimu alipotoka kufuata fomu, Kufuli akamwomba binti amwonyeshe kitufe cha kufutia, akafuta mstari mmoja.

Mwalimu kurudi, anakuta maandishi mekundu ya hitilafu kwenye kioo cha kompyuta. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, jasho likamtoka.

"Mtandao leo unasumbua," akasema.

"Mtandao gani? Nimefuta mstari mmoja tu. Urudishe."

"Basi hii kompyuta ina virusi, mzee."

Binti akaomba ajaribu. Akayasoma yale mekundu taratibu, akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena. Programu ikakubali.

Kufuli aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miezi minane anamshuku mtoto wake wa kumzaa, halafu anataka kumkabidhi kwa huyu, kisa tai!

Saa kumi mnunuzi alikuwa mlangoni.

"Siuzi tena, ndugu yangu. Nisamehe kwa usumbufu."

Mnunuzi akasonya, akaenda zake. Kufuli akamgeukia binti.

"Lakini hao wa bure, wanapata nini?"

Binti akafikiri. "Sijui, baba."

Kufuli akamtazama. Yule mwalimu hakulitamka neno hilo, 'sijui', hata mara moja. Akamvutia binti kiti kando ya mashine.

"Haya, nionyeshe ulipofikia."