Nusu ya Wimbo wa Mwali

Ngozi ya ng'ombe ikiota moto wa mabua hutoa harufu ambayo mpaka leo huniinua kitini. Mtaani kwetu Magomeni, Kilosa mjini, harufu hiyo ilianza alasiri, wapiga ngoma walipoinamisha ngoma zao motoni ili ngozi ikaze. Ilichanganyika na harufu ya mkonge uliolowekwa mashambani, na ya moshi wa treni iliyopita nyuma ya nyumba zetu. Ngoma ya kwanza ikijaribiwa, mimi nilikuwa nimeshaacha sufuria jikoni na kutoka mbio. Mama alisema nina siafu miguuni, wala hakuwa ananisingizia.

Miaka ile ya Ujamaa kila mtaa ulikuwa na kikundi chake cha ngoma, kwaya na ngonjera. Sabasaba ilipokaribia, tuliambiwa vikundi vitashindana uwanjani mbele ya mgeni rasmi, na mshindi atapanda treni kwenda Morogoro. Kikundi chetu cha watoto kilifundishwa na Mwalimu Rwiza, kijana mgeni kutoka Bukoba, mpole, mwenye kaunda suti moja iliyopigwa pasi kila siku. Alitaka kila mtoto alete wimbo wa wazee wa kwao. Atakayeleta wimbo mzuri kuliko wote ndiye angesimama mbele kuimbisha. Niliitaka nafasi ile hadi chakula kikanishinda.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Semeni, alikuwa kungwi, yaani mwanamke wa kuwafunda wali, wasichana waliovunja ungo na kuwekwa ndani. Kinamama wa mtaa mzima walimkabidhi binti zao. Nyimbo zake zilikuwa za chumba kile tu; mwanamume hazisikii, na msichana ambaye hajaingia hazisikii. Wiki hiyo aliyekuwa ndani ni binti mkubwa wa mama mdogo. Basi mchana mmoja nilibandika sikio kwenye ukuta wa udongo, pale mchwa walipotoboa. Nikasikia wimbo wa taratibu, wenye makofi matatu na kimya, makofi matatu na kimya, sauti ya bibi ikitangulia na wengine wakiipokea. Nilitetemeka kwa uzuri wake. Ulipofika katikati, miguu ikaanza kuniwasha kama kawaida yake. Nikasikia mtu anasogeza ndoo, nikakimbia kabla wimbo haujaisha.

Kesho yake nilimwimbia Mwalimu Rwiza nusu niliyokuwa nayo. Alifumba macho. Aliniuliza nani amenifundisha, nami nikajibu bila kupepesa macho kwamba ni bibi, na amenituma. Mwalimu hakuwa na sababu ya kushuku. Aliondoa maneno ya mwali, akatia ya jembe na kijiji, lakini sauti na makofi akayaacha vilevile. Tulifanya mazoezi shuleni, mbali na mtaa, na kila siku nilijiambia kesho nitamwambia bibi. Sikumwambia. Nilikuwa nikishtuka usingizini, nikichezea pindo la shuka, huku nafasi ya mbele nikiipenda vilevile.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Kabla hatujaanza, Mwalimu alimshukuru hadharani Bibi Semeni kwa kulitolea taifa wimbo wake. Nilimwona bibi akigeuka, akijiuliza ametoa wimbo gani. Kisha tukapiga makofi matatu, tukanyamaza. Wanaume walitabasamu, maana ulikuwa wimbo mzuri tu. Wanawake wakajifunika khanga usoni. Mmoja aliinuka akaondoka, akafuata wa pili, na hatimaye upande wao wote ukawa mtupu, isipokuwa bibi, aliyekaa akinitazama mpaka nilipofika mwisho wa kile nilichokijua.

Tulishinda. Jioni hiyo kinamama walikuja uani kwetu, wakamuuliza bibi kwa sauti ya chini kama ni kweli aliutoa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi alinitazama mara moja, akawajibu, "Ni mimi."

Walimtoza mbuzi, na tangu hapo hakuna mama aliyemkabidhi tena binti. Mimi nilikwenda Morogoro na treni, nikaimba, nikapigiwa makofi, na njia nzima ya kurudi nilitamani kuruka dirishani. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye kuyamwaga huendelea kuinama.

Zamu yangu ya kuwekwa ndani ilipofika, kungwi alikuwa mwingine. Zikaimbwa nyimbo zote, na mahali pa ule wimbo wakaruka. Walisema ukishasikiwa na wanaume umeharibika, haufundi tena mtu. Nilipotoka nilimpigia bibi magoti, nikamwomba radhi, kisha, kwa kiherehere changu, nikamwomba na nusu iliyobaki. Radhi alinipa palepale. Wimbo hakunipa. "Ungesubiri, mjukuu wangu," alisema, "ungeupata mzima." Alifariki masika ya mwaka uliofuata, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Siku hizi ngozi za ngoma hazioti moto wa mabua. Nyingi ni za plastiki, na wali wanafundwa kwenye kumbi zenye spika, mlango wazi. Mwaka jana nilikuwa Mikumi, kwenye hoteli ya barabarani, vijana wakiwachezea watalii waliotoka kutazama tembo. Wakapiga makofi matatu, wakanyamaza. Niliinuka na kikombe cha chai mkononi. Waliimba jembe na kijiji, maneno ya Mwalimu Rwiza, wakafika pale nilipokimbia ukutani, wakaanza upya.

Nilimfuata kiongozi wao. Aliniamkia vizuri, nami nikamuuliza mbona wanaishia katikati.

"Ndivyo ulivyo, mama," alisema. "Unaishia hapo."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Sikuwa na cha kumsahihishia.