Gasela na Kompyuta ya Kiwanda cha Insika

Kibanda chetu kilikuwa kimoja, tukakigawa kwa pazia. Upande wa dirisha nilikaa mimi na cherehani yangu, nikishona sare za shule. Upande wa ndani alikaa Mandlenkosi Gasela na kompyuta zake mbovu. Waliokuja kwake hawakuwa na kompyuta mpya. Walileta masanduku mazito ya zamani, yaliyofanya kazi kwenye maduka ya dawa, kwenye gereji na kwenye ofisi za makanisa, ambayo mafundi wengine wa Bulawayo waliyatazama tu wakasema, tupa hii, mama, nunua nyingine. Gasela hakumwambia mtu atupe kitu. Alikuwa anafungua, anapuliza vumbi, anakohoa, kisha anakaa kimya mbele ya bodi kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua.

Kile kikohozi alikitoa Insika, kiwanda cha mablanketi kule Belmont, alikokuwa fundi umeme wa ukumbi wa kufumia. Mkewe, NakaMbuso, yaani Mama Mbuso, alikuwa kwenye uzi. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kukunjia mablanketi. Tulikula vumbi lilelile la sufu sote, ila yeye lilimkaa kifuani. Kiwanda kilifungwa asubuhi ya baridi. Tulikuta mnyororo getini na mlinzi tusiyemjua, akatuambia turudi nyumbani, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyetoka kutuaga. Miaka ikapita. Wengine walivuka mpaka, wengine tukawazika. Mbuso, mtoto wao pekee, naye alikwenda Johannesburg, akawa mtu wa kupiga simu sikukuu.

Basi mwaka ule, majira ya joto kabla ya mvua, akaja kibandani mzee Tshuma. Zamani alikuwa msimamizi wa ukumbi wa kufumia, na sasa wenye kiwanda walikuwa wamemwachia funguo, awe anapita kuangalia panya na wezi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Gasela, yule mkubwa wetu amegoma kuamka."

Gasela alijua anayesemwa. Ilikuwa ile mashine kubwa ya mwisho, iliyofuma maua na wanyama kwenye mablanketi, ambayo michoro yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta moja pembeni.

"Kaamshwa na nani, baada ya miaka yote hii?"

"Mimi. Nimeagizwa. Kuna watu wanakuja kuiona ikifanya kazi."

"Watu gani?"

"Watu wenye uwezo."

"Wanataka kurudisha kazi?"

Tshuma alizungusha kofia. "Wanataka kuona mashine inafuma, Gasela. Hayo tu ndiyo niliyoambiwa."

Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimeacha kukanyaga cherehani. Nilitoka nikasema, "Mzee Tshuma, hakuna mtu anayewasha mashine ya blanketi kwa kutaka kuitazama. Watakuja kuifungua Insika. Sema basi tufurahi!"

"Mimi sijasema hivyo, MaNdiweni," alisema, na akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Hakusema, lakini habari ilitoka na ikawa imesema. Kabla jua halijazama ilifika kwa Sobantu, aliyekuwa mfumaji hodari kuliko wote, na sasa alikuwa anauza viwavi vya mti wa mopane, vya kula, vilivyokaushwa, pale kwenye mlango wa jengo lililokuwa na kibanda chetu. Aliingia kibandani akicheka meno yote nje.

"Gasela, ndugu yangu! Ukishindwa kufufua kile kidude, mimi na wewe tusijuane. Mikono hii ilifuma simba hadi watoto wakaogopa kujifunika. Leo inapima viwavi kwa kikombe!"

"Na kikombe chenyewe umekibonyeza chini ili kipungue," nilimwambia.

"Ah, MaNdiweni, biashara hiyo. Nikirudi kazini nitakinyoosha."

Gasela alitabasamu kidogo tu. Jioni alimweleza mkewe. Nilikuwepo, kwa sababu NakaMbuso alikuwa ameniita kula sima na mlenda.

"Usiende," alisema NakaMbuso.

"Kwa nini?"

"Watu waliofunga mlango bila kutuaga, leo wamekumbuka nini? Baba Mbuso, wale hawakupendi wewe. Wanapenda kile unachoweza."

"Sijasema wananipenda."

"Basi kaa utengeneze kompyuta ya mchungaji. Yeye angalau anakuombea kifua."

Alikwenda. Kesho yake Tshuma alimfungulia Gasela kiwanda, wakabeba ile kompyuta wakaileta kibandani kwenye toroli, imefunikwa gunia. Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia Gasela akihangaikia kazi kiasi kile. Kompyuta ilikuwa na diski mbili zilizofungwa pamoja kama pacha, moja ikiandika kila kilichoandikwa na mwenzake, ili moja ikifa nyingine ibaki na michoro. Moja ilikuwa imekufa zamani. Ya pili ilikuwa inalia, mlio mwembamba wa chuma kikikwaruza chuma. Aliinyonya ile michoro yote kabla diski haijanyamaza, akaiweka salama. Nikadhani amemaliza.

"Bado," aliniambia. "Diski zenye ujazo mdogo kiasi hiki hazipo tena mjini. Zilizopo ni kubwa, na bodi hii ni ya zamani, haizioni. Ni kama hazipo."

"Si umwekee bodi nyingine?"

"Kadi inayozungumza na mashine inakaa kwenye bodi ya aina hii peke yake. Nikibadili bodi, mashine inakuwa chuma tu."

Akanionyesha. Kulikuwa na chipu ndogo, si kubwa kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Ndani yake mlikuwa na maagizo yanayoiamsha kompyuta, na ndani ya maagizo hayo kipande kimoja, yeye alikiita moduli, ambacho kazi yake ni kuzitambua diski na kuzifunga pacha. Moduli ile ilitungwa wakati diski zilikuwa ndogo. Ilibidi aitoe, aweke iliyotungwa baadaye, kisha maagizo yote ayaandike upya kwenye chipu. Na umeme ukikatika katikati ya kuandika, bodi haiamki tena mpaka chipu iandikwe kutoka kompyuta nyingine.

Nasi umeme wetu siku zile ulikuwa wa zamu, na zamu yenyewe haikuwa na adabu. Alikwenda kuazima betri ya lori kwa fundi magari wa uchochoroni. Moduli alizipata kwa wazungumzaji wa mtandaoni, watu wa nchi za mbali wanaopenda bodi kuukuu kama wengine wapendavyo njiwa. Akachagua iliyo mpya kuliko zote. Aliiandika, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

Hakulalamika. Alikaa ameweka viganja juu ya mapaja. Kisha akatoa kibanio chake chenye miguu ya sindano, kilichounganishwa na kompyuta nyingine, akakibana kwenye chipu, akairudishia maagizo yake ya kwanza aliyokuwa ameyahifadhi, kompyuta ikaamka kama ilivyokuwa, na upofu wake uleule.

"Ile mpya haimjui mzee huyu," alisema. "Ilitungwa kwa ajili ya wajukuu zake. Natafuta ya katikati."

Ikamchukua siku nyingi, kujaribu na kurudisha. Watu walipita kuuliza hali kama wanavyouliza hali ya mgonjwa wa ukoo. Wanawake wa kwenye uzi walikuja, waliokuwa wapaka rangi walikuja, na mmoja alileta kuku. Gasela alimrudishia. "Nipe akishaamka," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha. Niliona. Nikadhani ni uchovu.

Mchana mmoja nikasikia mlio mfupi upande wa pili wa pazia, kisha kimya, kisha Gasela akasema taratibu, "MaNdiweni, njoo uone." Kwenye kioo kulikuwa na maandishi meupe, na diski mbili zimeorodheshwa, moja chini ya nyingine, zimefungwa pacha. Nilimkumbatia. Alikuwa amekonda hata nikashtuka.

Siku ya wageni, nusu ya mtaa ilisimama nje ya uzio wa Insika. Tshuma aliniingiza mimi nikunje blanketi litakalotoka. Ukumbi ulikuwa na harufu ya popo na mafuta yaliyooza. Walikuja wanaume wawili waliotoka ng'ambo ya mto Limpopo, Afrika Kusini, viatu vyao safi, mmoja akiwa ameinua simu anapiga picha za video. Hawakutusalimia kwa ubaya, walitusalimia kama watu wenye haraka.

Gasela, aliyekuwa ameirudisha kompyuta mahali pake, akawasha. Mashine ilitetemeka, ikakohoa vumbi, ikashika mdundo wake. Oh, ule mdundo! Nilikuwa nimeusahau kwa masikio, lakini magoti yaliukumbuka. Ua kubwa jekundu likaanza kuota kwenye blanketi, mstari kwa mstari. Nje wanawake wakapiga vigelegele hadi vikapita mabati. Nilimtazama Gasela. Alikuwa amefumba macho, na machozi yanamtoka.

Malori yalikuja kabla ya mvua ya kwanza. Si ya kuleta sufu. Yalikuwa matupu. Wageni walikuwa wameinunua mashine ili ikafume kwao, na walitaka kwanza kuhakikisha kwamba ni nzima. Ukumbi wenyewe ungekuwa ghala la mbolea. Tshuma alikuja kutuambia, kofia mkononi, akisema, "Mimi sikusema, mnakumbuka sikusema."

Walimhitaji Gasela mara ya mwisho, aichomoe kompyuta na kufungasha nyaya zake vizuri. Walihitaji pia wabebaji, na Sobantu alikuwa mmoja wao, kwa sababu viwavi msimu ule vilikuwa vimeadimika. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyotokea mle ndani.

Walibaki wawili tu karibu na mashine. Gasela alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mfuniko umefunguliwa, kibanio kimo mkononi.

Sobantu akamsogelea. "Yale maagizo ya kwanza bado unayo?"

"Ninayo."

"Yarudishe. Bana kidude chako, yarudishe, wafike kwao wakute kipofu. Nani atajua?"

Gasela alikigeuza kibanio mkononi.

"Gasela! Umeifufua wewe. Iue wewe. Wakafume viatu vyao safi!"

"Nikiiua, itatupwa tu kule," alisema Gasela. "Haitarudi hapa."

"Basi itupwe!"

Gasela alikitazama kile kibanio. Akakitia mfukoni, akarudisha mfuniko, akakaza skrubu moja baada ya nyingine. Sobantu alitema mate sakafuni. Kisha akainama, akaibeba kompyuta yeye mwenyewe, akaitia kwenye lori, maana alikuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo.

Tangu siku ile mtaa ulimgeuka. Hakuna aliyemtukana waziwazi. Waliacha tu kuleta. Kompyuta ya mchungaji ilichukuliwa kabla haijamalizika. Sobantu alihamishia viwavi vyake mlango mwingine, akipita anaangalia ukutani. Siku moja, mwanamke aliyewahi kuleta kuku aliniambia kwa sauti ya kusikika nyuma ya pazia, "MaNdiweni, unakaaje na mtu aliyeuza kiwanda?" Nikamjibu kwamba hakuuza hata msumari. Akasema, "Aliwaonyesha kuwa kinauzika."

NakaMbuso alimtetea kila mahali, sokoni, kwa majirani, kanisani kwake. Nyumbani hakumsemesha sana. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Mbuso Johannesburg kuangalia mjukuu, na kila alipopiga simu, kurudi kwake kulikuwa kumesogezwa mbele.

Gasela akabaki anabadilisha vioo vya simu. Bodi za zamani akawa anazikataa. Kikohozi kilimzidi. Nilikuwa nampikia uji, anakunywa nusu.

Mchana mmoja wa mvua, hatuna mteja, nikamuuliza jambo nililokuwa nimeliweka siku nyingi. "Baba Mbuso, ungelijua kwamba wanakuja kuichukua, ungelikubali kazi ile?"

Aliweka chini kioo cha simu alichokuwa anakibandika.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Tshuma alipozungusha kofia, nilijua. Mtu anayerudisha kazi huuliza kwanza wafumaji wako wapi. Yeye hakumtaja mfumaji hata mmoja."

"Na sisi ukatuacha tushangilie?"

"Ninyi mlikuwa mmeshaanza kushangilia, MaNdiweni. Wewe ndiye uliyeanza." Hakusema kwa ukali. "Nilitaka niisikie ikifuma. Mara moja tu. Nikasema, kama nitakufa na vumbi lake kifuani, basi niisikie."

Nilirudi upande wangu nikavuta pazia, na hatukusemezana hadi jioni. Asubuhi nilimpelekea uji kama kawaida. Alikufa kabla ya baridi kuisha, na Sobantu alikuja msibani, akachimba kaburi na wengine, akaniuliza tukiwa tunanawa mikono kama marehemu aliwahi kusema chochote kuhusu siku ile ya malori.

Nilimwambia hapana.