Shamba Lililoota Miguu

Wimbo ule aliutunga mama yangu, jikoni, akimenya muhogo, na aliutunga kwa hasira. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amefariki. Arobaini haijafika, kaka yangu mkubwa akawa ameshapanda mihogo yake kwenye shamba la marehemu. Mjane wake, binti wa Kimatengo kutoka Mkumbi, akaambiwa arudi kwao milimani akapalilie kahawa za baba yake.

Mama hakugombana na mtu. Alikuwa kiongozi wa kundi letu la kioda, ngoma ya wanawake wa huku ziwani, na mambo yake mazito aliyasema kwa kuimba. Wajane wengine katika kundi walikuwa wamefukuzwa mashambani vilevile. Tukakaa, tukakubaliana kwamba kundi zima litauimba wimbo huo hadharani, siku ya sikukuu ya kanisa, na hatutamtaja mtu.

Sasa, kwenye kioda wanawake tunacheza na kuimba, lakini ngoma hupigwa na wanaume. Ndivyo tulivyoikuta. Mpigaji wetu mkuu alikuwa huyo huyo kaka yangu. Kwa hiyo mazoezi tuliyafanya bila ngoma, kwa makofi, tukiwa kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, na yeye hakujua kitu.

Siku ya sikukuu tukavaa nguo zetu nyeupe, tukajipanga mbele ya kanisa. Kaka akaanza kupiga, na anajua kupiga, hilo simnyimi. Tukaimba ubeti wa kwanza:

Mume kalala, shamba limeota miguu,
limetembea hadi kwa shemeji.

Watu walicheka kwanza. Kisha kicheko kikakatika upande wa wanaume. Kaka hakungoja ubeti wa pili. Aliitundika ngoma yake begani akaondoka, na wapigaji wenzake wakamfuata. Tukabaki tumesimama uwanjani na filimbi moja.

Mzee wa kanisa akainuka. “Kina mama, kioda ni cha kuchangamsha watu. Mambo ya mashamba yana vikao vyake.”

“Na kwenye vikao hivyo anakaa nani, baba?” mama akamuuliza.

Jioni ile kundi la WhatsApp la kijiji likawaka. Ati tumetumwa na wafadhili. Mfadhili gani? Nguo tulizovaa tulizishona kwa dagaa wetu wenyewe. Ati tumeleta siasa kanisani. Tunawafundisha mabinti kudharau waume. Kila aliyekalia shamba la marehemu alilalamika kwamba ametukanwa yeye. Ukitupa jiwe gizani ukasikia yowe, ujue limempata mtu. Hayo ya wanaume niliyameza. Yaliyonikera ni ya wanawake wenzetu, tuliofunga nao kanga za sare: “Mama gani anamwanika mwanawe?” Yaani kosa si la aliyenyang’anya, ni la aliyesema.

Tulikuwa tumealikwa Kingerikiti, kijiji cha juu milimani, kabla ya hayo. Kundi la kioda likialikwa, wenyeji huwapikia wageni, na moshi wa jikoni ndio karibu yenyewe. Tulipanda kule na lori la mihogo, tukashuka tukiimba. Hakuna moshi. Uwanja haujafagiliwa. Mwanamke aliyetualika alitoka nyuma ya nyumba, akasema kwa sauti ya chini, “Mama zangu, mnisamehe. Nimeambiwa nikiwasha moto wenu, nisirudi ndani.” Tukateremka tena na njaa yetu. Njia nzima nilitamani kumpiga mtu.

Baada ya hapo mialiko ikakauka, na baadhi ya wenzetu wakakatazwa na waume zao kuja mazoezini. Mama akaanza kuugua kifua. Ndipo nikasikia, kisimani, maneno mabaya kuliko yote: “Tutaona huyo atazikwa na nani.”

Kiongozi wa kioda huku kwetu husindikizwa kaburini kwa ngoma. Mama alikuwa amewasindikiza wenzake wote hivyo. Kitandani hakuomba dawa, aliomba hilo tu. “Mnipeleke na ngoma yangu,” aliniambia. Niliitikia, nikijua kwamba ngoma zote ziko kwa kaka.

Alipofariki, kaka alikuja na ngoma begani.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Nitampigia mama mpaka kaburini. Ila ule upuuzi wenu usiimbwe kwenye msiba huu.”

Niliitazama ile ngoma. Mama aliitaka. Lakini nilijua pia aliutunga wimbo gani, na kwa ajili ya nani. Nikamwambia, “Basi kaa nayo.”

Waliokuja mazikoni walikuwa wachache, na wengine walikuja kuangalia tu. Mjane aliteremka kutoka Mkumbi na mtoto mgongoni, akaingia kwenye mstari wetu. Jeneza lilipokwisha kushushwa na vijana kuanza kufukia, tukaanza wimbo wake kwa makofi, kama tulivyojifunza kwenye vichanja.

“Hata kaburini?” mtu alisema kwa sauti. Watu wakaanza kuondoka. Mzee wa kanisa akafunga kitabu chake akaondoka nao.

Kaka hakuweza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume haachi kaburi la mama yake kabla udongo haujajaa na msalaba haujasimama. Akiondoka mapema, hiyo ni laana. Akawaambia vijana wafanye haraka. Wao walipoongeza kasi ya makoleo, sisi tukaukatisha ubeti wa kwanza, tukaingia moja kwa moja kwenye ule ambao hakuungoja siku ya sikukuu. Alisimama pale na ngoma yake imening’inia, akausikia kwa mara ya kwanza:

Nilizaa wanaume wawili, tumbo moja;
aliye juu ya udongo anamla aliye chini.

Tuliurudia mpaka msalaba ukasimama.