Nyama ya Msamaha Wangu

Isiolo mtu haachi kazi. Anaweza kufukuzwa, na anaweza kufa, lakini kuupa mgongo mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, ni jambo ambalo watu wetu hawajalipatia jina. Ndiyo maana wiki niliyojiuzulu umeneja katika kampuni ya bima, watu walianza kuja nyumbani kwa mama yangu, Kiwanjani, kama wanaokuja matangani. Walileta sukari na majani ya chai. Jirani mmoja aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniuliza kwa huruma, "Sasa wewe umeacha kazi, ama kazi ndiyo imekuacha?"

Niliacha mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kuandika ripoti za kueleza kwa nini ripoti zimechelewa. Nilikuwa nimechoka na mkubwa wangu, bwana mmoja aliyeletwa kutoka Nairobi, ambaye kila kikao aliuliza kwa nini wateja wa Kipsing hawafungui barua pepe. Nilimweleza kwamba wateja wa Kipsing wako nyuma ya mifugo, wanatafuta majani. Akaandika kwenye faili langu kwamba nina mtazamo hasi.

Basi nikachapisha kadi zenye maneno "Mshauri wa Kujitegemea, Mambo ya Bima", nikampa mama moja. Akaigeuza nyuma aone kama kuna zaidi.

"Ushauri," alisema. "Hapa ushauri watu hupewa bure, na bado hawauchukui. Nani atanunua?"

Mama alikuwa na hofu, na hofu yake niliielewa. Mume nilikuwa nimeachana naye miaka mingi nyuma. Sasa nilikuwa nimeachana na kazi. Aliona imekuwa tabia.

Kaka yake, ambaye sisi Wasomali humwita abti, aliona ni aibu ya ukoo mzima. Abti ni mpatanishi wa mji. Amepatanisha watu wa visima na watu wa malisho, ndugu na ndugu, na mara mbili amejaribu kunirudisha kwa yule mume. Alisoma kadi yangu kwa sauti, polepole, kisha akaniambia, "Babu yako alipelekwa kwenye vita vya watu asiowajua, na hata yeye hakuacha kazi. Alingoja viishe. Na hili neno kujitegemea ni neno la mtu ambaye hana watu."

Nilicheka. Nilikuwa na sababu ya kucheka, kwa sababu mteja wangu wa kwanza alikuwa tayari amepatikana.

Walikuwa wenye malori. Wana chama chao, na mwenyekiti wao alikuwa na kidonda cha moyo: lori lake moja lilibebwa na maji kwenye laga, ule mto mkavu unaofurika bila hodi, njia ya Sericho. Kampuni ilikataa kumlipa. Ilisema bima yake ilihusu ajali za barabarani, na laga si barabara. Yeyote aliyewahi kwenda Sericho anajua kwamba huko barabara na laga ni kitu kimoja, tofauti ni mvua tu. Mwenyekiti alitaka mtu wa kumpigania, yeye na wenzake wenye kesi kama hizo, na alinitaka mimi kwa sababu nilitoka ndani ya kampuni ileile. "Mchawi mpe mwana kulea," aliniambia, na sikukasirika. Tulipatana nije Jumatatu tutie sahihi. Karatasi ile moja ingenitosha. Mji mzima ungeona kwamba sikufukuzwa, kwamba nina kazi yangu, mkononi mwangu.

Alhamisi mama aliniita kwa chakula cha mchana. Nilikuta nyama ya kondoo, paja zima, laini, yenye iliki na mafuta yake. Nilikula nikaongeza. Nikamwambia mama kwamba nyama kama hii sijala tangu Idd. Abti alikuwa ameketi mlangoni, akinitazama kila tonge linapoingia, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Nilipokwisha kunawa, akasema, "Alhamdulillahi. Yameisha."

"Yapi?"

Yalikuwa haya. Asubuhi ileile abti na wazee wanne walikuwa wamevaa kanzu safi, wakaenda ofisini kwa mkubwa wangu wa zamani na kondoo dume, wakaniombea msamaha. Mkubwa hakuelewa kosa ni lipi, lakini makao makuu yalikuwa yakimuuliza kwa nini meneja wake ameondoka, na hapa walikuwa wazee watano wakisema kosa ni la meneja. Aliwapa chai na biskuti. Akasamehe. Kondoo akachinjwa, wakala pamoja naye, na paja likaletwa kwangu ili nami nile, suluhu ifungwe kabisa. Kwetu nyama ya suluhu ikishaliwa, mambo hayarudi nyuma. Na mimi nilikuwa nimeongeza.

Nilikasirika. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili walio chuo kikuu, na wanaume watano walikuwa wamenitubia dhambi ambayo sikuitenda. Jioni mkubwa alinipigia simu kunikaribisha Jumatatu. Nilimwambia sirudi.

"Lakini tumekusamehe," alisema, akiwa ameumia kweli.

"Kwa lipi?"

Nikamsikia akilitafuta. "Kwa yale yote."

Habari zilifika yadi ya malori kabla mifupa haijatupwa. Jumatatu mwenyekiti hakunipa kiti. Aliniuliza swali moja tu.

"Madam, nyama ulikula?"

"Nilikula, lakini sikujua ni ya—"

"Ulikula."

"Nilikula."

"Basi. Sisi tulitaka mtu amegombana na kampuni. Wewe mmepatana."

Nilijaribu kumweleza kwamba hatukuwahi kugombana. Hilo lilikuwa baya zaidi: ikiwa hatukugombana, wazee watano walienda kuomba msamaha wa nini? Kwao, bila shaka nilikula pesa. Kwa nyama moja nikawa mwizi na nikawa rafiki wa kampuni. Nilitembea hadi nyumbani nikilia, na waliokutana nami njiani wakanipa pole kwa ile kazi ya kwanza.

Siku mbili sikuzungumza na mama. Siku ya tatu akaja kuketi kando yangu, akasema tu, "Mimi niliogopa." Hakusema zaidi, na kwa mama yangu hayo ni mengi. Nikamwambia kama anataka kunisaidia, anipikie.

Nilienda soko la mifugo nikanunua kondoo. Mama akapika kama anavyopika mtu anayelipa kosa. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri, wenye malori walipokuwa kwenye kikao chao cha kila wiki, masinia mawili ya pilau na nyama yaliingia yadini. Isiolo sinia likiingia watu hawaulizi limetoka wapi, hunawa mikono. Nami nilingoja nje kwenye kivuli cha lori hadi niliposikia mtu akiomba kijiti cha meno.

"Salaam aleikum," nikasema. "Mwenyekiti, nyama mlikula?"

Alitazama mfupa ulio mkononi mwake kama mtu anayesoma masharti ya bima baada ya moto. Akauweka chini taratibu.

"Mwanamke haleti kondoo wa suluhu," alisema.

"Mlikula, ama hamkula?"

Wengine walianza kucheka. Yeye alijaribu mlango mwingine. "Na suluhu ya nini? Sisi na wewe hatukuwa tumegombana."

"Hata mimi na kampuni hatukuwa tumegombana. Na nyama yao mliihesabu."

Hapo alicheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyebanwa, na hakukuwa na haja ya kutuma kijana alete kalamu, kwa sababu yangu ilikuwa mkobani. Nilimwambia jambo moja la kweli kabla hajatia sahihi: mtu aliyegombana na kampuni ataishia getini, mlinzi hatamfungulia, lakini mimi nimesamehewa, nitaingia hadi ndani na kesi yake ya laga na kupewa chai. Akatia sahihi. Akaniuliza kama nimebakisha ukoko wa pilau.

Nilirudi nyumbani na mkataba wangu nimeushika mbele, watu wauone. Mama aliusoma ukurasa wa kwanza, akainua mikono, akamshukuru Mungu kwamba hatimaye nimeajiriwa na watu wa malori. Jirani wa mikono miwili alisema naye aliomba sana. Niliwaacha hivyo. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasahihishi watu.

Wiki iliyofuata mama aliniita tena kwa chakula cha mchana. Harufu ilinipokea getini. Nyama ya kondoo, yenye iliki. Abti alikuwa ameketi palepale mlangoni, na kanzu ileile safi.

"Huyu kondoo ni wa nani?" niliuliza kabla sijaketi.

"Kula kwanza," mama alisema.

"Ni wa nani?"

Mama alimtazama abti. Abti alitazama juu, kama aliyeulizwa habari za mvua. "Baba ya watoto wako ni mtu mzuri," alisema. "Amebadilika."

Nilifunika sahani, nikawatakia mchana mwema, nikaenda dukani. Mchana ule nilikula mkate na chai ya rangi, na nilijinunulia mwenyewe.