Pikapu Iliyotutangulia Njia ya Sapiwi

Mimi si mtu wa kutunga. Nimeendesha magari maisha yangu yote, na dereva anayeona vitu visivyokuwepo hafiki mbali. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye barabara ya Sapiwi kwenda Bariadi, akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe. Wala sikuwa peke yangu, kwa hiyo msiseme niliota.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Huko nyuma mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, atake asitake. Ghafla Bariadi ikajaa wanunuzi, kila mmoja na mzani wake na gari lake. Bosi wangu, Mzee Hamisi, mwenye duka la vitambaa pale sokoni, naye akaingia. Akaenda Mwanza, akanunua pikapu mpya ya rangi ya bluu hafifu kwa wakala mmoja aliyekuwa akiziingiza kwa wingi. Msimu huo tulikuwa tukipishana nazo kila mahali, bluu ileile, zimejaza pamba hadi kupita paa.

Siku moja redio ikatangaza. Wakala alikuwa anaziita pikapu zote za aina ile zirudi Mwanza. Swichi ya taa za mbele ilikuwa na kasoro: ikipata joto inakata taa ukiwa kwenye mwendo. Wangebadilisha bure. Mzee Hamisi alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio.

"Nipeleke gari Mwanza katikati ya msimu? Pamba yangu atabeba nani? Wewe tembea mchana tu. Msimu ukiisha, tutalipeleka."

Gari halikuwa langu. Nikawa natembea mchana.

Jioni ninayoisema nilikuwa Sapiwi, kwenye kituo cha kununulia pamba. Jua lilikuwa linazama na nilishaamua kulala hapohapo, ndipo akaja mama anakimbia na mtoto mgongoni. Nilimfahamu kwa sura, wakimwita Mama Limi. Huyo mgongoni ndiye Limi mwenyewe, bado mdogo sana. Mwili wake ulikuwa unachemka kwa homa, macho yamegeuka juu, akiitwa haitiki.

"Baba, nisaidie. Nifikishe hospitali Bariadi."

"Mama, taa za gari hili hazina uhakika."

Akamgeuza mtoto nimwone vizuri. "Na huyu je, ana uhakika?"

Niambieni nyinyi, mngekataa?

Tukaondoka. Kulikuwa na mashamba ambayo hayajavunwa pande zote mbili, na jua lilipokwisha kuzama weupe wa pamba ukabaki, kama vile ardhi imejiwekea mwanga kidogo wa kulalia. Nikawasha taa, zikawaka vizuri. Mama Limi alikuwa anamwimbia mtoto kwa Kisukuma, sauti ya chini, wimbo unaozunguka bila kufika mwisho. Hofu ikaanza kunitoka.

Kisha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na taa zikakata.

Hakukuwa na mwezi. Nikashika breki, nikapapasa swichi, nikauondoa mkono haraka kwa sababu ilikuwa ya moto. Tochi sikuwa nayo. Mama Limi akaacha kuimba.

"Anapumua kwa shida," akasema.

Hapo ndipo taa mbili nyekundu zilipotokea mbele yetu. Sikusikia gari likitupita. Ilikuwa pikapu kama yetu, bluu ileile, na taa zake zilimulika njia kwa mwanga laini kama wa alfajiri. Ikaanza kuondoka taratibu. Nikaifuata.

Niaminini, sijawahi kuendesha vile kabla wala baada ya siku hiyo. Barabara ile ni ya vumbi. Gari likikutangulia unatafuna mchanga. Lile halikutimua hata chembe. Mashimo ninayoyajua moja moja sikuyasikia. Tulikuwa tunateleza tu, kama mtoto anayebebwa usingizini kutoka mkekani kwenda kitandani. Nyuzi za pamba zilielea kwenye mwanga wake, na zilikuwa zinapanda badala ya kushuka. Je, niliogopa? Hapana, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo.

Mara likaonyesha linakata kulia, likaacha barabara, likaingia shambani. Nami nikakata. Mipamba ikatukwaruza ubavuni, tukazunguka, tukarudi barabarani. Wala sikujiuliza kwa nini.

Taa za Bariadi zilipoanza kuonekana kwa mbali, likasimama. Dereva akashuka, akaja mpaka dirishani kwangu. Alikuwa mfupi, amevaa kofia ya sufu, jino lake moja la mbele limekatika nusu.

"Mwadila," akatusalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila," Mama Limi akaitikia kabla yangu.

Yule mtu akaniinamia. "Ndugu yangu, na wewe wamekuita?"

Nikajua anauliza habari ya swichi. "Wametuita wote. Redioni."

"Mimi sikuitwa," akasema. Hakuwa na hasira. Kisha akapitisha mkono mbele yangu, akaigusa swichi, na taa zetu zikawaka. "Mfikishe mtoto. Halafu ulipeleke gari, usingoje."

Nilimgeukia Mama Limi kidogo tu. Nilipotazama tena dirishani hapakuwa na mtu, wala gari mbele. Ndipo Limi akafumbua macho.

"Mayu," akamwita mama yake, "yule baba ameenda wapi?"

Hospitali walimpokea, wakamtundikia dripu, na mtoto akapona. Kulipokucha nikarudi njia ileile. Nikakuta lori la pamba limekatika ekseli, limeziba barabara nzima, halina hata taa moja. Kando yake alama za matairi ya gari moja, moja tu, zilikuwa zimeingia shambani na kutoka. Dereva wa lori alikuwa anachemsha chai.

"Wewe ndiye uliyepita jana bila taa? Tulipiga kelele tukachoka! Tulijua umekwisha. Halafu ukakata shambani kama mtu anayeona."

"Na lile gari lililonitangulia?"

Akanitazama. "Gari gani?"

Nilimweleza Mzee Hamisi yote. Hakucheka. "Nenda Mwanza leo hii," akasema.

Kwa wakala, fundi akaifungua ile swichi. Ndani ilikuwa bonge la plastiki iliyoyeyuka, nyaya zimekatika. Akasema kitu kama hicho hakiwezi kuwasha hata kibiriti. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye jino, akaweka bisibisi chini, akanipeleka nyuma ya gereji. Kulikuwa na pikapu ya bluu, mbele imebonyea mpaka kwenye viti. Dereva wake alikuwa mtu wa Malampaka, mfupi, na jino lake ndilo hilo. Taa zilimkatikia kwenye kona, kabla mtu yeyote hajajua kasoro hiyo. Kifo chake ndicho kilichofanya magari yaitwe.

Nilishindwa kukaa na habari ile. Nikaenda Malampaka, nikamkuta mjane wake karibu na stesheni ya reli, nikamwambia kila kitu. Alisikiliza bila kulia.

"Alionekana amechoka?"

"Hapana, mama. Alikuwa ametulia."

"Tangu tumzike nalala mlango wazi. Kwako amekuja, wewe asiyekujua. Mbona kwangu haji?"

Miaka imepita, sasa nimezeeka. Nikiwa na safari ya kule huwa napita kumsalimu. Kabla hata sijakaa ananiuliza, "Umemwona?" Namjibu bado. Na kila nikiona taa nyekundu mbele yangu jioni, napunguza mwendo, natazama kama kuna vumbi.

Nanyi mnaoendesha, siku mkisikia gari lenu linaitwa lirudishwe, lipelekeni siku hiyohiyo. Msiseme kesho, wala msiseme msimu uishe. Kuna mtu alikufa ndipo ninyi mkaitwa, na si kila jioni mtamkuta barabarani awamulikie njia.